Kabla Hujabeba Redio Kwenda Kambini

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa mvua za Msimu, zile za Novemba hadi Aprili kwa mikoa yetu ya Dodoma na Singida, maswali yanayofika mezani kwetu TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, hubadilika. Waliokuwa wakilalamikia vifurushi huanza kuuliza habari za redio, antena na "boosta". Wengi ni vijana wenye nia njema: mafundi simu wa Majengo na Sabasaba, wanafunzi wa UDOM, skauti, bodaboda wenye vikundi vyao. Wanataka kujua, siku watakaposikia watu wamehamishwa na maji, wako kambini na mtandao hakuna, wabebe nini. Wanastahili jibu. Nitalitoa kama mhandisi wa masafa. Yale yaliyo ya kamati za maafa nitawaachia wenyewe.

Kuna dhana moja inayonichosha. Mtandao ukikatika wakati wa mafuriko, wapo wanaoamini kampuni imezima mnara kwa makusudi, eti kijiji chao hakinunui vifurushi vya kutosha. Jamani, mnara unakula. Unakula umeme wa TANESCO. Ukikatika unakula betri, na betri hizo ni za saa chache. Zikiisha, jenereta inataka dizeli, dizeli inaletwa na gari, na gari linataka daraja. Pengine mnara uko mzima kabisa, ila faiba inayoulisha imekatika huko mbali. Simu inaonyesha vijiti vyote vinne na haipigi. Watu wa Mpwapwa na Kilosa hawahitaji kuelezwa sana: mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 yalizoa tuta la reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama. Maji yaliyobomoa tuta la reli hayawezi kushindwa na waya uliofukiwa kando ya barabara.

Hata hivyo, mara nyingi mnara si tatizo la kwanza. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na walionusurika wakahifadhiwa shuleni. Mtu ambaye nyumba yake imefunikwa na tope hana simu, hana chaja, hana kitambulisho, na namba za nduguze zilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo. Mjengee mnara mpya pembeni ya hema, bado hatajua ampigie nani. Kwa hiyo kijana anayeniuliza bei ya antena, mimi humuuliza kwanza kama ana daftari la kuandikia majina na namba.

Kinachofuata ni umeme wa kuchaji simu. Chukueni paneli ya jua ya wati 100. Kwa jua la Dodoma la saa tano nzuri kwa siku, itatoa wati-saa 500, na baada ya hasara za chaja na betri zinabaki kama 350. Simu janja ya betri ya 5,000 mAh itahitaji takribani 25, kwa hiyo mnachaji 14 tu kwa siku. Simu ndogo ya kitochi inahitaji tano hivi, kwa hiyo mnachaji 70. Siku ya mawingu gaweni kwa mbili, na mafuriko huja siku za mawingu, jambo ambalo watu husahau wakati wa kununua paneli. Mpango wenye akili ni kuchaji vitochi vingi na simu janja chache za viongozi wa kambi, kila simu ikiwa na kipande cha karatasi ya gundi chenye namba, na mwenyewe akiwa na namba hiyo hiyo mkononi. Bila namba, jioni ya kwanza mtakuwa mnaamua ugomvi wa simu tatu nyeusi zinazofanana.

Kisha ujumbe. Mtandao ukirudi nusu nusu, kila mtu hupiga simu kwa wakati mmoja na njia inaziba. SMS hupita kwenye njia yake nyembamba na husubiri kituoni mpaka impate mwenyewe, hata kama simu yake ilizimwa. Waambieni watu waandike, wasipige. Ujumbe wa kambini usizidi maneno 25, uwe na majina matatu ya mtumaji, kijiji na kitongoji, namba ya mpokeaji, tarehe na saa. Nasisitiza majina matatu na kitongoji kwa sababu ukiandika "Mazengo yuko salama" katika nchi ya Wagogo, utafurahisha familia kumi na kuliza moja. Kazi ya kutafutana kwa familia zilizotengana ina wenyewe, Chama cha Msalaba Mwekundu, na daftari lenu liwafikie wao.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: simu ikionyesha maandishi ya "dharura tu", maana yake mtandao wako haupo lakini wa kampuni nyingine upo, na 112 inaweza kupita humo. Watu wakiona maandishi hayo huzima simu wakidhani imeharibika.

Sasa redio, mahali ambapo tunaanza kutofautiana.

Redio koli ndogo za mkononi zinazouzwa Kariakoo zina manufaa yake ndani ya kambi: kutoka jikoni hadi kwenye hema la zahanati, kutoka getini hadi stoo. Hazivuki milima. Mawimbi ya VHF, masafa ya redio kama hizo, husafiri kwa antena kuonana, na ukiwa bondeni chini ya Milima ya Kiboriani utajiongelesha mwenyewe. Kwa mbali inatakiwa HF, yaani redio ya mawimbi mafupi. Waya wa mita 10 kila upande, umefungwa chini chini, mita tatu hadi tano kutoka ardhini, hurusha mawimbi ya megahezi 7 moja kwa moja juu, nayo hurudi kama mvua na kufunika eneo la kilomita mia kadhaa pande zote. Dodoma hadi Morogoro, kilomita zipatazo 260 kwa barabara, ni mchezo kwake mchana. Usiku unashuka kwenye megahezi 3.5. Betri ya gari inatosha, na haihitaji mnara wowote katikati.

Hii ndiyo kazi ya wanaredio wa ridhaa, watu wenye leseni ya kurusha redio kwa kupenda na si kwa biashara, wenye alama za wito, yaani majina yao ya hewani, zinazoanza na 5H hapa kwetu. Si watu wa mchezo. Tsunami ilipopiga Visiwa vya Andaman, India, tarehe 26 Desemba 2004, timu ya wanaredio waliokuwa wamekwenda huko kwa shughuli yao ya kawaida ndiyo iliyopeleka habari za visiwani bara. Kimbunga Maria kilipoiangusha Puerto Rico mnamo Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya vituo vya simu vilizimika, na Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba chama cha wanaredio wa huko kiwapatie watu 50. Angalieni maneno "uliomba" na "50". Hawakwenda kwa sababu walijisikia kwenda. Waliitwa, walikuwa na leseni tangu zamani, na walijulikana majina.

Hapa ndipo mtu huniambia: "Injinia, lakini maafa ni maafa, sheria inalala." Hailali. Naomba nilirudie kwa mara ya mwisho, ingawa najua haitakuwa ya mwisho. Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zinamruhusu aliye hatarini, na anayemwokoa, kutumia njia yoyote ya redio aliyonayo kuita msaada. Uko juu ya bati na maji yanapanda, ita popote, hakuna mtu wa ofisi yetu atakayekuuliza kibali. Kambi ya siku ya tatu, yenye chai ya asubuhi na orodha ya mablanketi, haimo humo. Hiyo ni huduma, na huduma ya mawasiliano inaendeshwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010: masafa yana kibali, mwendeshaji ana leseni, na kifaa chenyewe kina idhini ya kutumika nchini. Ni mambo matatu tofauti. Kuwa na redio iliyoidhinishwa hakukupi masafa, na kupewa masafa hakukufanyi mwanaredio. Mabakuli ya intaneti ya setilaiti ambayo watu huyaingiza kwenye mabegi yamo kwenye utaratibu huo huo, hata kama yamenunuliwa kwa michango ya kanisa au msikiti. Faini na kifungo vimo ndani ya sheria. Nisingependa kuvitaja kwa mtu aliyekwenda kusaidia, ila nisipovitaja nitaambiwa sikusema.

Kuhusu boosta nitakuwa mkali kidogo. Kile kisanduku kinachouzwa kwa ahadi ya "kuvuta mtandao" husikiliza mnara na kupaza sauti. Kikifungwa vibaya, na karibu vyote hufungwa vibaya, kinajisikia chenyewe na kuanza kupiga yowe, kama spika ya harusini mtu anapoisogelea na maikrofoni. Yowe hilo linaingia kwenye sikio la mnara. Mnara uliokuwa ukisikia simu za vijiji vitano sasa unasikia kelele tu. Nimewahi kuzunguka na kifaa cha kutafutia mawimbi kwa siku nzima, kwa malalamiko ya kata iliyokosa mtandao, nikaishia kwenye boosta moja juu ya bati la duka. Mwenyewe alinikaribisha soda na kunilalamikia kuwa mtandao wa eneo lile ni mbovu sana. Msipeleke boosta kambini. Msipeleke.

Kuna jambo ambalo wajitoleaji hawalihesabu kama mawasiliano: orodha. Mtu anapiga picha daftari la kambi, majina, namba za NIDA, namba za simu, pengine na sura za watoto, anarusha kwenye makundi ya WhatsApp "ili ndugu wawaone". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, na haina kifungu cha huruma ya WhatsApp. Majina na kijiji yanaweza kutangazwa kwa idhini ya kamati na ya mhusika. Namba ya NIDA, ugonjwa na picha ya mtoto asiye na mzazi pembeni, hapana. Na ukirusha taarifa ya uongo ukijua ni uongo, kwamba bwawa fulani limepasuka, kwamba wamekufa mia tatu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inasema faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Someni tena neno "kisichopungua".

Laini nazo. Aliyepoteza simu anaweza kurudishiwa namba yake kwa namba ya NIDA na alama ya kidole. Kadi ya NIDA ikiwa imezama si kikwazo, mradi namba ipo. Mjitoleaji anaweza kumsindikiza kwa wakala au kuziomba kampuni zilete mawakala kambini, nazo huja zikiombwa kwa barua ya wilaya. Asichoweza ni kusajili laini kumi kwa kidole chake na kuzigawa. Najua unafanya kwa mapenzi. Mwezi mmoja baadaye mojawapo inatuma ile "tuma kwenye namba hii", na polisi wakifuatilia wanakuta kidole chako. Piga *106# uone ni laini zipi ziko kwa jina lako leo, wengi hushtuka. Na matapeli hawana msiba: watu wakishapewa laini, ndipo huanza meseji za "umechaguliwa kupata fidia ya mafuriko, tuma elfu kumi ya fomu". Waelekezeni wazipeleke 15040, ni bure.

Utaratibu ni huu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Kikundi kinachotaka kusaidia mawasiliano kijitambulishe kwenye kamati ya wilaya sasa, mvua hazijaanza, kwa barua inayotaja majina ya wahusika, simu zao na vifaa walivyonavyo. Kama kuna redio, maombi yaje kwetu yakionyesha aina ya kifaa, masafa mnayoyataka, nguvu kwa wati, urefu wa antena, mahali itakapokuwa na muda wa matumizi. Msiandike "masafa yoyote". Hakuna masafa yoyote. Yote yana mtu, reli, polisi, ndege, na anayeingiliwa na redio yako hataambiwa kuwa ulikuwa unasaidia. Anayetaka leseni ya ridhaa ajue kuna kuthibitisha ujuzi, maana ITU yenyewe inazitaka nchi zifanye hivyo, na hilo haliwezekani kwa siku mbili tope likiwa tayari barabarani. Taarifa ya maafa yenyewe, iwe ya mto au ya nyumba za tembe zilizoanguka, inakwenda 190, na moto au uokoaji 114. Si kwetu. Sisi hatuna boti.

Redio mnazotaka kuzikagua zileteni ofisi ya kanda siku za kazi, zikiwa na antena zake na chaja, na risiti kama ipo. Tafadhali zichajini kabla. Waliokuja mara ya mwisho walikuwa watatu, na redio zote tatu hazikuwaka.