Skizofrenia: tunayoambiana huku mwaloni na ukweli wenyewe

Huku kwetu Mwanza, mwaloni pale mitumbwi inaposhusha samaki, mtu akianza kuongea peke yake majibu yanakuwepo kabla hata swali halijaulizwa: karogwa, bangi hiyo, ana jini, kasoma sana, ukoo wao ndo ulivyo. Mimi sina shida na watu kuwa na maoni ila haya maoni yana bei yake na bei yenyewe ni muda, maana kila jibu linampeleka mgonjwa mahali fulani kwanza kabla ya hospitali, mara Sengerema kwa mganga, mara kwenye mkesha, mara wanamrudisha kijijini Magu eti akapumzike, na huu ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia ni katika yale ambayo ukikaa nayo muda mrefu bila dawa yanazidi kuwa magumu kutibika. Kwa hiyo hapa nazipima dhana kwa jinsi zinavyomchelewesha mtu, zile za kuchekesha tu nitazipita haraka.

"Kichaa ni yule wa kuokota makopo"

Hii ndo mbaya kuliko zote kwa maoni yangu na watu wengi hata hawaihesabu kama dhana potofu. Tumezoea kwamba mgonjwa wa akili ni yule aliyevua nguo stendi, nywele zimefungamana, anatukana magari. Sasa mtu akiwa bado anaoga, anavaa shati, anajibu salamu, tunasema huyu mzima, ana stresi tu. Tunasubiri makopo.

Kuna kijana upande wa Igombe, mama yake anaanika dagaa, huyu aliacha kula chakula cha nyumbani. Akawa anakula mayai ya kuchemsha na ndizi basi, na yai lazima alimenye mwenyewe, na gamba likiwa na ufa anarudisha. Nyumbani wakasema ana maringa tangu arudi kutoka Dar, ugali wa mama hautaki. Kumbe mwenzao kichwani anajua kabisa kwamba chakula kimetiwa sumu, na yai na ndizi ndo vitu ambavyo mtu hawezi kuvitia kitu bila kuacha alama. Ukimsikiliza vizuri unaona akili anazo, hesabu zake zimenyooka, ila zimejengwa juu ya jambo ambalo halipo na hakuna wa kumtoa hapo kwa kubishana naye. Imani ya namna hiyo ni moja ya dalili kubwa za skizofrenia. Nyingine ni kusikia sauti, na hapa watu wanadhani mtu anajifanya au anawaza kwa nguvu tu, hapana, waliopima ubongo wa watu wakiwa kwenye hali hiyo wamekuta sehemu zinazohusika na kusikia na kuongea zinafanya kazi kweli kweli, kwake yeye ni sauti, inamtukana, inaeleza anachofanya, wakati mwingine ni sauti mbili zinamjadili, wakati mwingine inamuamuru. Ya tatu ni maongezi kukatikakatika, anaanza na nauli ya daladala anamalizia na Yona tumboni mwa samaki na wewe hujaona daraja katikati.

Alafu kuna dalili za kimya, na hizi ndo zinatangulia mara nyingi, miezi au hata miaka kabla ya sauti: kujitenga, kuacha kuoga, uso haucheki wala hausikitiki, maneno yanapungua, hamu ya kufanya kitu chochote inakata. Mtaani jina lake ni uvivu. Kijana anatukanwa uvivu mwaka mzima wakati ndo ugonjwa unaingia.

Ila tusiende mbali upande wa pili tukaanza kumwita kila mnyamavu mgonjwa. Daktari anataka dalili zidumu, mwezi au zaidi, na anaondoa kwanza vitu vingine vinavyofanana. Na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu tunaishi ukanda wa ziwa: mtu aliyekuwa mzima jana leo ana homa na anaweweseka, hiyo fikiria malaria imepanda kichwani, ni hospitali usiku huo huo, sio kliniki ya akili wiki ijayo na sio kwa mganga. Kifafa nacho kinaweza kuleta vituko, Ukimwi ukichelewa kutibiwa nao, na mlevi wa gongo akikata pombe ghafla anaweza kuona vitu. Vyote hivyo vina njia zake.

"Kasoma mpaka akili ikaruka"

Hapa kuna jambo linanifurahisha, samahani kama neno silo. Skizofrenia inapenda kuanza ujana, kwa wanaume mara nyingi mwishoni mwa miaka ya kumi na kitu mpaka ishirini na kitu, wanawake wanachelewa kidogo. Sasa angalia mtu wa umri huo anafanya nini: yuko fomu siksi, yuko chuo, kaenda Geita kutafuta dhahabu, kapata mpenzi wa kwanza, kaoa, kajifungua. Kwa hiyo ugonjwa ukija lazima ukute jambo kubwa limetokea karibuni na hilo jambo ndo linabeba kesi. Aliyekuwa chuo tunasema vitabu, aliyekuwa mgodini tunasema kafara, aliyeachwa tunasema jini mahaba. Ukiwakusanya wote unaona wanachofanana ni umri.

Vitabu havileti ugonjwa huu. Visababishi vyenyewe vimechanganyika. Kuna urithi: katika watu wote wanaoupata ni kama mmoja kati ya mia au pungufu ya hapo, mzazi mmoja akiwa nao mtoto anakuwa na uwezekano wa kama mmoja kati ya kumi, na mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiumwa mwenzake anaumwa kwenye karibu nusu ya jozi au chini ya hapo. Huo mfano wa mapacha uangalie vizuri, damu ni ile ile na bado nusu au zaidi wa hao wenzao hawaupati, ina maana damu peke yake haitoshi, na pia wagonjwa wengi hawana mzazi aliyeugua, kwa hiyo ile ya "usioe ukoo ule" haina miguu. Vingine vinavyoongeza hatari ni mama kuugua au kukosa lishe akiwa mjamzito, shida wakati wa kuzaliwa, manyanyaso ya utotoni, na bangi. Ndani ya ubongo wenyewe kinachovurugika ni pamoja na kemikali inaitwa dopamini, na dawa nyingi zinagusa hapo. Zamani kuna madaktari huko Ulaya na Marekani walikuwa wanawalaumu akina mama kwamba malezi yao ya baridi ndo yaliyoleta ugonjwa, nadharia hiyo ilishatupwa, ila mashangazi bado wanayo.

Bangi sasa. Wapo wanaosema yote ni bangi na wapo wanaosema bangi ni majani tu haina neno, wote wamekosea. Wavutaji wengi hawapati skizofrenia, na wagonjwa wengi hawajawahi kuvuta. Ila aliyeanza akiwa mdogo, anavuta kila siku, na damu yake ina mwelekeo huo, anajisogezea ugonjwa, na aliyekwisha kuugua akiendelea kuvuta anarudiwa mara kwa mara. Makambi ya wavuvi visiwani hili wanalijua kuliko mimi.

"Karogwa, hospitali hawawezi hiyo"

Nimeshakaa na wazee wa kutosha kujua kwamba ukimwambia mama wa Kisukuma uchawi haupo umeshapoteza kesi, atakuitikia kwa heshima afu kesho asubuhi yuko kwenye kivuko anaenda kwa mganga. Mimi huwa siingii huko. Ninachosema ni mayo (yaani mama), fanya unayoamini lakini mtoto aanze dawa leo, asifungwe kamba, asipigwe, asinyimwe chakula, na asikatazwe vidonge eti vinagombana na dawa za asili au maombi.

Na swali linakuja palepale: mbona fulani alienda kwa mganga akapona? Kweli alipata nafuu. Ni kwamba kuna watu wanavurugikiwa kwa muda mfupi, wiki chache, afu wanarudi sawa hata bila kutibiwa, huo unakuwa sio skizofrenia. Na skizofrenia yenyewe ina kupanda na kushuka. Watu wanakimbilia kwa mganga siku hali imepanda juu kabisa, baada ya hapo kinachofuata mara nyingi ni kushuka, na anayekuwepo siku ya kushuka ndo anapewa mbuzi.

Kuna kituko kingine hapa kinawapoteza wengi. Mgonjwa kapewa haloperidoli, moja ya dawa za ugonjwa huu, siku ya pili au ya tatu shingo inapinda upande, macho yanapanda juu, ulimi unakaza, taya halifunguki. Familia nzima inapiga kelele jini limekataa dawa! Anatolewa hospitali anapelekwa kwenye maombi. Ile ni athari ya dawa kwenye misuli, inajulikana miaka yote, na kuna sindano inaitoa ndani ya dakika chache. Nesi akiwaambia mapema watu hawakimbii. Mara nyingi hawaambiwi, foleni ni ndefu.

Mwezi

Hii ni ya kwetu kabisa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliki vizuri kwa sababu taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika, watu wanajaa mwaloni wanapiga stori. Basi inasemekana machizi wanachachamaa mwezi mpevu. Watafiti waliotafuta uhusiano huo wamekosa kitu cha kueleweka. Nadhani siku hizo tunawaona tu zaidi maana tupo nchi kavu. Ila usingizi, hilo ni la kweli, mtu mwenye ugonjwa huu akikosa usingizi siku kadhaa anaweza kurudiwa, kwa hiyo kazi ya kukesha na taa ziwani haimfai, na dawa zenyewe zinasinziisha, usingizi na mtumbwi haviendi pamoja.

Kwamba inaambukiza: haiambukizi. Kwamba mgonjwa anakuwa watu wawili ndani ya mmoja: hiyo ya kwenye muvi.

Kwamba ni wauaji: wengi hawajawahi kumgusa mtu. Hatari inapanda kidogo akiwa hajatibiwa na anakunywa au kuvuta, hilo siwezi kulificha, lakini mara nyingi wao ndo wanaopigwa, na yule dada wa stendi aliyepata mimba hakuna anayeuliza nani kampa. Anayeweza kuumizwa zaidi ni mgonjwa mwenyewe kwa mkono wake, miaka ya mwanzo hasa. Akisema sauti inamwambia ajiue hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, mtu akae naye, na sumu ya pamba na ya panya itoke ndani ya nyumba.

"Ukianza dawa hutoki, na Mirembe harudi mtu"

Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo Dodoma tangu 1927 na watu wanaenda wanatibiwa wanarudi kwao, ila siku hizi wengi hata hawahitaji kufika huko, hospitali ya Bugando hapa Mwanza kuna idara ya magonjwa ya akili na kliniki mtu anahudhuria akitokea kwake. Dawa za kwanza za kutuliza hizi dalili zilianza kutumika Ufaransa 1952, klopromazini, na bado ipo mpaka leo. Hazileti uteja. Mtu haibi simu ili apate haloperidoli. Kutumia muda mrefu ni kama mwenye presha anavyotumia, ukiacha ugonjwa unarudi, na wengi wanaacha pale pale wanapojisikia wazima.

Shirika la Afya Duniani linahesabu wagonjwa zaidi ya milioni 20 duniani, na linasema angalau mmoja kati ya watatu anapona kabisa. Wengine wanabaki na dalili kidogo na wanafanya kazi, wanalea. Wengine inakuwa ngumu, huo nao ni ukweli, na hapo kuna klozapini ambayo inasaidia walioshindikana ila lazima damu ipimwe mara kwa mara. Vidonge vinatuliza sauti vizuri kuliko vinavyorudisha hamu ya kuishi, ndo maana kazi ndogo ndogo, mazungumzo na ndugu wasiomfokea ni sehemu ya matibabu.

Kitu ambacho watu wa jua wanasahau: klopromazini inafanya ngozi iungue haraka, anayeanika dagaa kutwa avae kofia na mikono mirefu. Akitetemeka au akitokwa mate, au akinenepa sana, asikate dawa kimya kimya, amwambie daktari, dozi inapunguzwa au dawa inabadilishwa. Asiyependa vidonge kila siku aulizie sindano ya mara moja kwa mwezi. Na kama tarehe ya sindano imepita kwa sababu nauli ilikosekana, nenda hivyo hivyo siku uliyoipata, usingoje mwezi unaofuata.