Baba aliugua saratani ya tezi dume. Je, na mimi?

Baba yangu aliugua. Ina maana nami nitaugua?

Si lazima. Saratani yenyewe hairithiwi. Kinachorithiwa ni wepesi wa kuipata. Lakini tusidanganyane: mwanamume ambaye baba yake au ndugu yake wa kiume wa damu aliugua ana uwezekano wa kuugua unaokaribia mara mbili ya ule wa mtu asiye na historia hiyo. Uwezekano huo hupanda zaidi wagonjwa wakiwa wawili au watatu katika ukoo, au kama aliyeugua aligundulika akiwa bado hajazeeka.

Nimesikia kwamba asilimia 57 ya saratani hii ni ya kurithi. Kweli?

Namba hiyo ipo, ila husimuliwa vibaya. Inatokana na utafiti wa mapacha wa Denmark, Finland, Norway na Sweden uliochapishwa mwaka 2016. Watafiti walikadiria kwamba asilimia 57 ya tofauti za hatari kati ya mtu na mtu katika kundi lile zilitokana na urithi. Haisemi kwamba una asilimia 57 ya kuugua, wala kwamba wagonjwa 57 katika kila 100 wamerithi. Inachoonyesha ni kwamba urithi una uzito mkubwa hapa kuliko katika saratani nyingine nyingi.

Basi ni nini hasa kinachorithiwa?

Mara nyingi ni mamia ya tofauti ndogo ndogo katika DNA, yaani uzi wenye maelekezo ya urithi ndani ya seli, ambazo kila moja peke yake haina nguvu yoyote ya maana, lakini zikikusanyika kwa mtu mmoja zinahesabika. Baadhi zimo katika eneo la kromosomu ya 8 (moja ya vifurushi vya DNA) ambalo wanasayansi walilitambua mwaka 2006, na kadhaa kati ya hizo huonekana zaidi kwa wanaume wenye asili ya Afrika.

Kwa watu wachache, tatizo ni hitilafu katika jeni moja yenye nguvu. Inayotajwa sana ni BRCA2. Zipo pia BRCA1, ATM, CHEK2 na HOXB13. Tuitazame BRCA2 kwa karibu, maana ukiielewa hiyo umeelewa mengi. DNA ndani ya seli hukatika mara kwa mara, na hilo ni jambo la kawaida. Protini inayotengenezwa na BRCA2 husaidia kuunga uzi uliokatika kwa kunakili sehemu iliyopotea kutoka nakala nzima iliyo jirani, kama mtu anayeandika upya ukurasa uliochanika huku akichungulia daftari la mwenzake. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi nakala moja mbovu huishi vizuri tu, kwa sababu ile nzima inafanya kazi. Shida huanza siku seli moja ya tezi dume inapopoteza na ile ya pili. Hapo mikato huungwa ovyo ovyo, makosa yanarundikana mwaka hadi mwaka, na seli hiyo inaweza kugeuka saratani. Ndiyo maana ugonjwa huchukua miaka, na ndiyo maana wengine wenye hitilafu hiyo hawaugui kamwe.

Kwetu hakuna mwanamume aliyeugua, ila mama mdogo alifariki kwa saratani ya matiti. Inahusiana?

Inahusiana sana, na hapa ndipo wengi tunapopotea. Mtu akiulizwa hospitalini, hutaja baba, baba mkubwa na babu, kisha anasema "kwetu haupo". Lakini BRCA2 mbovu hupita kwa mama kama inavyopita kwa baba, na mama anayeibeba hana tezi dume ya kuugua. Kwa wanawake hitilafu ileile hujitokeza kama saratani ya matiti au ya ovari. Kwa hiyo taja mama, shangazi, mama wadogo na bibi wa pande zote mbili, pamoja na umri waliogundulika. Na ukisema "kaka", fafanua: ni wa baba na mama mmoja, wa mama mmoja tu, au ni mtoto wa baba mdogo? Kwa mapenzi ni wamoja, kwa jeni si wamoja.

Nani apimwe jeni?

Si kila mtu. Kipimo chenyewe ni cha mate au damu, na inafaa kianze kwa aliyeugua, hasa kama saratani imesambaa. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta takriban wagonjwa 12 katika kila 100 wa hali hiyo wamerithi hitilafu katika jeni za kurekebisha DNA. Ikishajulikana ni hitilafu gani, ndugu hutafutiwa hiyo tu. Kila mtoto wa anayeibeba ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipata, awe wa kiume au wa kike.

Nikikutwa nayo?

Saratani inayoambatana na BRCA2 mara nyingi huwa kali na huwahi. Kwa hiyo miongozo kadhaa hushauri wanaoibeba waanze kupima PSA (protini inayotengenezwa na tezi dume) kwenye damu wakiwa na miaka 40. Udhaifu wa saratani hiyo pia hutumiwa dhidi yake: dawa kama olaparib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa baadhi ya wagonjwa ambao saratani yao imesambaa, huziba njia nyingine ya kurekebisha DNA, na seli ambayo tayari haina BRCA2 hufa.

Kuna vidonge vya kujikinga?

Vitamini E ilijaribiwa kwa maelfu ya wanaume, na mwaka 2011 ikabainika kwamba waliokunywa waliugua zaidi, kwa asilimia 17. Okoa pesa yako.

Mimi sina dalili yoyote. Nisubiri?

Saratani hii ikiwa changa kwa kawaida haina dalili. Kuamka usiku mara tatu kukojoa mara nyingi ni tezi kukua tu kwa umri. Mwenye historia ya ukoo aende kwa daktari akiwa mzima, na majina ya wagonjwa wa pande zote mbili ayaandike kabla hajatoka nyumbani.