Eabegi haifi na gari: dhana ninazozisikia kila gari linapokwenda skrepa

“Fundi, betri nimeshatoa, wewe fungua tu.” Maneno haya nimeyasikia kwa wenye magari, kwa madalali wa skrepa na, linaloniudhi zaidi, kwa mafundi wenzangu ambao umeme wa gari wanaujua nje ndani. Wanamaanisha kwamba eabegi, ule mfuko unaofura kukukinga kwenye ajali, haiwezi tena kulipuka. Nitaanza na dhana hii na nitakaa nayo. Nyingine nitazigusa nikipita.

“Betri ikitoka, eabegi imekufa”

Nguvu ya eabegi haitoki kwenye betri. Betri kazi yake ni kuichokoza tu. Nguvu yenyewe imelala ndani ya kopo la chuma nyuma ya kifuniko cha usukani: vidonge vya kemikali vinavyoungua upesi na kutoa gesi, na kando yake kiwashio chenye uzi mwembamba wa waya. Upinzani wa uzi huo ni kama omu 2. Ukipitishiwa umeme wa ampea moja na ushei kwa milisekunde chache, unawaka, vidonge vinashika moto, na mfuko unajaa ndani ya milisekunde 30 hivi, kabla hujapepesa jicho. Sasa niambie, kutoa betri kumegusa kidonge gani hapo?

Tena kompyuta ya eabegi ina kapasita zake, vifaa vidogo vinavyotunza umeme. Ziliwekwa makusudi, kwa sababu kwenye ajali betri inaweza kupondeka au waya wake kukatika kabla amri ya kulipua haijatoka. Ukishachomoa waya hasi, kapasita bado zina chaji. Kila mtengenezaji anataja muda wake wa kungoja: wengine sekunde 90, wengine dakika 3, wengine 10. Mimi nangoja dakika 10 kwa gari lolote, hata kama kitabu chake kinaruhusu pungufu. Anayeona ninamchelewesha atafute fundi mwenye haraka.

Na baada ya hizo dakika 10 sijasema eabegi imekufa. Nimesema kompyuta haiwezi tena kuiwasha. Taa ya kupimia yenye globu inaweza. Mita ya mshale inaweza. Umeme tuli wa kwenye nguo zako siku ya ukavu unaweza. Ndiyo maana hatupimi omu za eabegi yenyewe kwa mita tuliyo nayo mkononi. Tunachomeka resista, yaani kijidude cha upinzani wa umeme, ya kipimo kilichotajwa mahali pa eabegi, kisha tunaangalia kama kosa lililoandikwa na kompyuta limebadilika. Na kabla ya kuigusa, shika kwanza bodi ya gari kwenye chuma kitupu.

Itazame soketi yake ya njano siku moja, ndani. Kuna kibanzi kidogo cha chuma ambacho soketi ikichomoka kinaziunganisha pini mbili za kiwashio, ili umeme wowote wa bahati mbaya upite hapo na usiingie kwenye uzi. Ni kinga nyembamba kuliko ukucha. Halafu anakuja mtu mwenye koleo, soketi imemgomea, anakata nyaya na kuacha ncha mbili za shaba zimechomoza. Kinga yote ameiacha upande wa gari, kopo analipakia kwenye buti pamoja na betri aliyoitoa.

Ikibidi kuibeba eabegi nzima, kifuniko kitazame nje, mbali na tumbo na uso wako. Ukiiweka mezani, kifuniko kitazame juu na pasiwe na kitu juu yake. Ikilazwa kifudifudi halafu ikalipuka, mfuko unasukuma meza na kopo la chuma ndilo linaloruka kwenda darini, au kwenye kidevu chako.

Dhana hii ina ndugu yake: “Gari lina miaka 20, hiyo baruti imeshaoza.” Kuoza imeoza kweli, na hapo ndipo hatari inapozidi. Eabegi za kampuni ya Takata ya Japani zilitumia nitrati ya amonia bila kinga ya kutosha dhidi ya unyevu. Miaka ya joto na unyevunyevu ikaharibu vidonge, vikawa vinaungua haraka kuliko kopo linavyoweza kuhimili, kopo likapasuka na vipande vya chuma vikawapiga wenye magari usoni na shingoni. Marekani peke yake makopo takriban milioni 67 yaliitwa yarudishwe, watu zaidi ya 20 wamekufa huko, na kampuni iliomba kufilisiwa mwaka 2017. Eabegi ya namna hiyo hailipuliwi na fundi uani. Inarudi kwa mtengenezaji wa gari, na namba ya chesi ndiyo itakayokuambia kama gari lako limo.

Magari ya zamani zaidi, hasa ya miaka ya 1990, mengi yanatumia azidi ya sodiamu. Ikilipuka inageuka kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo ndiyo hewa kubwa tunayoivuta kila siku. Isipolipuka ni sumu kali, na ikikutana na asidi inatoa gesi yenye sumu vilevile. Sasa fikiria mashine ya kuponda magari, kopo limepasuliwa bila kuwaka, na maji ya betri, ambayo ni asidi, yamemwagika pale pale.

Basi eabegi nzima inatupwaje? Haitupwi. Inalipuliwa kwanza, tena ikiwa bado imefungwa ndani ya gari, kabla gari halijapondwa. Kazi hii ni ya mtu aliyefundishwa na mwenye kifaa chake: nyaya ndefu, yeye akiwa mbali nje, vitu vilivyo huru vimeondolewa kwenye viti, hakuna mtu karibu. Ikishalipuka inaachwa ipoe, maana kopo linakuwa na moto wa kuunguza ngozi, kisha inashikwa kwa glavu, miwani na barakoa. Hapo sasa ni chuma chakavu cha kawaida. Umoja wa Ulaya uliweka sharti tangu mwaka 2000 kwamba vitu vya kulipuka kwenye gari linalokwenda kufa viondolewe au viuliwe makali. Sheria ya Japani ya kuchakata magari, iliyoanza kutumika mwaka 2005, inamlipisha mwenye gari ada ambayo sehemu yake ni ya eabegi. Hakuna nchi inayoandika sheria kwa ajili ya kopo tupu.

Kwako wewe mwenye gari ushauri wangu ni mfupi: usiitoe. Liache gari na eabegi zake, na kabla hujapokea fedha muulize mnunuzi wa skrepa anazifanyia nini. Akikujibu “tunachoma,” ondoka na gari lako. Makopo haya yametengenezwa yajiwashe yenyewe joto likizidi, yasije yakapasuka, na likijiwasha likiwa huru ndani ya moto hujui litaelekea wapi. Muulize pia kuhusu vikaza mikanda, vile vinavyouvuta mkanda ukubane wakati wa ajali. Navyo vina baruti, wengi hata hawajui vipo.

“Taa ya eabegi haiwaki, kwa hiyo iko sawa”

Hii ni ya wanaonunua gari lililotumika. Mtu anatazama dashibodi, haoni taa nyekundu, anatabasamu.

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi inatakiwa iwake, ikae sekunde kama 6, izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna aliyetoa globu au aliyeiziba kwa utepe mweusi nyuma ya kioo. Wajanja zaidi wanaiunganisha na taa ya oili au ya chaji. Mtego wao unanaswa hivi: acha swichi wazi, usiwashe injini, ngoja. Taa ya oili na ya chaji zitaendelea kuwaka, na ni haki yao. Ya eabegi nayo ikiendelea nazo, halafu zote zikazima papo hapo injini inapowaka, hiyo imeazima umeme wa jirani. Huu ni ukaguzi wa bure, hauzidi dakika moja, na sijui kwa nini watu hupiga teke matairi badala ya kuufanya.

Kuna hila mbaya kuliko hiyo. Baada ya ajali, badala ya kununua eabegi, mtu anachomeka resista ya omu 2. Kompyuta inaona upinzani ule ule iliouzoea, inaridhika, taa inawaka sekunde zake 6 na kuzima kwa adabu. Hata mashine ya kusoma makosa itasema mfumo ni mzima, kwa kuwa inaiuliza kompyuta, na kompyuta imeshadanganywa. Hapo macho ndiyo mashine. Angalia kifuniko cha usukani kama rangi na mikunjo yake inafanana na dashibodi. Upande wa abiria tafuta ufa uliozibwa. Vuta mkanda mpaka mwisho usome lebo karibu na sakafu: ina tarehe ya kutengenezwa, na tarehe hiyo ikiwa miaka baada ya gari, uliza kwa nini. Mkanda uliogoma kutoka au kurudi huenda kikaza chake kililipuka. Ukibaki na shaka, mlipe fundi wa eabegi afungue atazame.

Taa ikiwaka isizime, usikimbilie kuchomoa betri ili “isahau”. Kompyuta ya eabegi huandika makosa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Mara nyingi chanzo ni kidogo: soketi ya njano chini ya kiti iliyolegezwa na mtu aliyekuwa akisafisha gari. Na kama honi imekufa siku moja na vitufe vya redio kwenye usukani, utepe wa nyaya unaojiviringisha chini ya usukani umekatika. Katika hali hiyo eabegi ya dereva haina njia ya kupokea amri.

Nyingine, kwa haraka

“Ikilipuka, imekwisha.” Eabegi nyingi za mbele zina hatua mbili, viwashio viwili. Katika ajali ndogo inaweza kuwaka moja. Kompyuta nyingi huwasha ya pili baadaye kidogo ili isibaki nzima, ila usiweke uso wako rehani kwa neno “nyingi”. Pia gari lililogongwa mbele huenda mapazia ya pembeni, yaani eabegi zinazoshuka kando ya madirisha, hayakuguswa, na mengi ya hayo yana chupa ya gesi iliyobanwa ndani ya nguzo ya paa. Usipitishe msumeno kabla hujabandua urembo wa ndani na kuona chupa iko wapi.

“Mfuko unaweza kukunjwa ukarudishwa.” Hapana. Kopo limeungua.

“Ule moshi ni gari linaungua.” Mwingi wake ni unga wa talki au wanga uliosaidia mfuko ufunguke bila kunata, pamoja na mabaki ya kemikali yanayowasha macho na koo. Fungua milango, toka, nawa. Mwenye pumu atoke kwanza.

“Nina eabegi, mkanda wa nini?” Mfuko unakuja kwa kasi inayopita kilomita 200 kwa saa. Mkanda ndio unaokuzuia usiufuate ukiwa bado unafura. Kifua kikae sentimita 25 au zaidi kutoka katikati ya usukani, na kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakikai mbele ya eabegi inayofanya kazi, hata kwa safari ya mtaa wa pili.

“Spidomita inasema 110, simu inasema 100, basi spidomita ni mbovu.” Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari hairuhusu spidomita isome chini ya mwendo halisi, ila inairuhusu izidishe hadi asilimia 10 pamoja na kilomita 4. Ukiwa kwenye 100 ya kweli, inaweza kuonyesha mpaka 114 na isiwe na kosa. Ikionyesha pungufu kuliko simu, tazama kwanza kama umefunga matairi makubwa kuliko yaliyotakiwa.

“Taa ya injini ni ile ile, iwake au ipepese.” Ikiwaka tu, panga siku ya kwenda kwa fundi. Ikipepesa, injini inamisi, yaani silinda haiwaki sawasawa, na petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Punguza mguu sasa hivi.

“Mshale wa joto uko katikati, injini haichemki.” Kwenye magari mengi ya kisasa mshale huo umepangwa ukae katikati hata joto likipanda au kushuka nyuzi nyingi, ili usikutie wasiwasi. Ukianza kupanda, mambo yameshaharibika. Lililo baya zaidi ni maji yakimwagika yote: sensa inabaki hewani, haigusi tena kitu cha moto, na mshale unaweza kushuka badala ya kupanda. Ukiona umeshuka ghafla na hita uliyoifungua inatoa ubaridi, egesha gari, zima injini, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka uweze kulishika bomba lake la juu kwa kiganja bila kuungua.