Mbona tumbili haugui ukimwi? Maswali na majibu kuhusu kinga tuliyorithi

Nimesikia tumbili ana virusi kama vya ukimwi lakini haugui. Ni kweli?

Ni kweli, kwa kawaida. Tumbili wetu wa Afrika, huyuhuyu anayevamia mashamba ya mahindi, hubeba SIV, ndugu wa VVU. Virusi huzaliana kwa wingi katika damu yake, lakini kinga yake haiporomoki. Wameishi pamoja maelfu mengi ya miaka, na mwili wake umezoea kutuliza mapambano mapema badala ya kujichosha kwa vita visivyokwisha.

Na sokwe?

Hapa wengi hukosea. Kwa muda mrefu hata wataalamu walidhani sokwe naye hadhuriki. Kisha mwaka 2009 yakatoka matokeo ya sokwe wa Gombe, Kigoma, ambao wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu mtafiti Jane Goodall alipofika huko mwaka 1960. Wenye SIV walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri wao. Naomba lieleweke pia kwamba ukimwi haukutoka Gombe: virusi vilivyoenea duniani vina asili katika sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni.

Kinga hiyo ya kurithi hufanyaje kazi?

Ziko jeni kadhaa. Nitaeleza moja, TRIM5, iliyogunduliwa mwaka 2004 kwa kuchunguza rhesus, jamii ya nyani wa Asia. VVU huingia ndani ya seli vikiwa na ganda linalositiri vinasaba vyao. Kwa rhesus, protini ya TRIM5 hulikamata ganda hilo, ikalizingira kama wavu, likavunjika kabla virusi havijamaliza kunakili vinasaba. Maambukizi yanakomea hapo.

Sisi binadamu nasi tunayo TRIM5, ila yetu hulishika ganda la VVU kwa ulegevu. Protini hii imeungwa kwa vipande vidogo 493 viitwavyo amino asidi, na maabara imeonyesha kwamba ukibadilisha moja tu, ya 332, TRIM5 ya binadamu huanza kuzuia VVU vizuri zaidi. Moja kati ya 493! Kila nikilifikiria hili nawakumbuka tuliowazika.

Kwa nini yetu ikawa legevu?

Si kwamba tumeumbwa dhaifu. Virusi hubadilisha ganda; mnyama aliyezaliwa na TRIM5 inayolishika ganda jipya huishi na kuzaa, mwenzake hufa. Kisha ganda hubadilika tena. Wataalamu walipolinganisha jeni hii kati ya nyani, sokwe na binadamu, waliona sehemu inayoshika ganda imekuwa ikibadilika kasi kuliko kawaida kwa zaidi ya miaka milioni 30. Yetu ilichongwa na virusi vya zamani. VVU vimetuingia mwanzoni mwa karne ya 20 tu, na kinga ya namna hii haijengeki ndani ya vizazi vinne au vitano.

Nikila nyama ya tumbili nitapata kinga yake?

Hapana, tena ni hatari. Jeni za nyama humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Damu ya mnyama kugusa kidonda cha anayemchinja au kumchuna ndiyo njia inayoaminika kuwa ilimpitishia binadamu SIV hapo awali.

Elimu hii inamsaidia nini mgonjwa?

Imeonyesha kwamba ganda ni mahali pa kushambulia. Dawa ya lenakapaviri nayo hulilenga ganda hilohilo, ingawa kwa njia yake yenyewe, na huchomwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika majaribio ya kinga yaliyofanyika Afrika Kusini na Uganda, matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kuwa kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Dawa hii haiponyi ukimwi. Anayetumia ARV asiache hata siku moja, na asiye na maambukizi aulize kituo cha afya kilicho karibu naye ni kinga gani inapatikana hapo.