Kuna mtu kazini

Anayekuja kwangu kwa ushauri na jambo hili, kuvutiwa na mwenzake wa kazini ilhali ana mwenza nyumbani, huwa haanzi nalo. Ataongelea ada za watoto, mawifi, usingizi uliopotea. Muda ukikaribia kwisha ndipo anatoa: "Kuna mtu kazini." Kisha anaharakisha kuongeza kwamba hakuna kilichotokea, na mara nyingi ni kweli.

Wengi wameshajihukumu kabla ya kufika: ama ndoa imekufa, ama wao ni wabaya. Mimi nauliza swali kavu tu. Mmezoeana wapi, mkifanya nini? Zamu za usiku wodini. Kufunga hesabu huku mkaguzi anasubiri. Kamati ya msiba (ndiyo, hata msibani).

Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio kwenye daraja la Capilano nchini Kanada, linaloyumba takriban mita 70 juu ya mto. Mwanamke aliwahoji wanaume waliokuwa wakivuka, akawapa namba yake ya simu. Kati ya 18 walioichukua, 9 walimpigia. Kwenye daraja jingine, imara na la chini, kati ya 16 walipiga 2 tu. Moyo uliokuwa ukidunda kwa woga, wenyewe waliona unadunda kwa ajili yake. Mwenzako wa zamu anakukuta juu ya daraja hilo. Mumeo anakukuta umeshashuka, miguu inauma, umeme wa luku umekata na mtoto ana homa.

Ndiyo maana simwambii mtu "mtoe akilini". Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwakataza wanafunzi kumfikiria dubu mweupe, wapige kengele kila akiwajia. Kengele hazikunyamaza. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo.

Nawaambia watoe simu. Jina lake umeliandikaje? Dada mmoja alikuwa ameliandika "Fundi Friji". Walikuwa wanachati tu, hawajagusana hata mkono, ila friji ile haikuwahi kuharibika na fundi alikuwa hodari wa kuandika saa tano usiku. Hisia zile sikuzigusa. Tulishughulika na fundi: jina halisi likarudi kwenye simu, mambo ya kazi yakahamia kwenye grupu, akaomba kubadilishiwa zamu. Wiki za mwanzo alikuwa na hasira, hasa na mimi.

Je, mwenza aambiwe? Hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu. Kama ni mvuto tu, sioni faida ya kumtwisha mumeo picha atakayoiona kila ukichelewa kurudi. Ila kama huyo wa kazini anajua mlichogombania jana nyumbani, naye mumeo hajui kwamba anajua, mwambie mapema, kabla hajakutana nayo kwenye simu. Mkiwa wawili tu, mchana, na kamwe usimtangulize wifi kukusemea.