"Sauti si ipo? Malizieni tu!"

Jumamosi nilikuwa Mbagala kwenye arobaini ya mwimbaji wa bendi ninayoirekodi studio kwangu. Pilau limeshapita, watu wanasubiri chai, mjomba wa marehemu akanivuta pembeni. "Mwanangu, hii albamu yenu mbona haiishi? Sauti ya kijana wetu si ipo kwenye kompyuta yako? Malizieni tu." Nikamjibu, "Sawa mjomba, tunalifanyia kazi," maana kwenye arobaini hubishani na mzee. Lakini huyo alikuwa mtu wa saba, nimewahesabu. Wa kwanza alinikamata makaburini, chepe bado liko mkononi.

Basi naandika hapa, wa nane nimtumie linki.

Bendi ni ya watu wanne, rock ya magitaa mazito, mazoezi wanafanyia stoo ya duka huko Tabata. Aliyefariki ndiye aliyekuwa akiimba na kupiga gitaa la ridhimu. Ameacha magaidi sita kwenye mashine yangu, na nyimbo tano kwenye simu, kazirekodi chumbani na gitaa kavu, feni inazunguka.

Gaidi ni "guide" ya Kiingereza, sauti ya kuongozea. Studio kwangu tumezoea hilo neno mpaka tumesahau maana yake nyingine. Siku mama wa marehemu alipokuja nikamwambia "gaidi la mwanao tunalo", ilibidi nimpe kiti na maji. Mwimbaji anaimba gaidi ili mpiga drams ajue tuko ubeti gani. Hatoi nguvu, anameza maneno, pengine ana karanga mdomoni. Kazi ikikaa sawa linafutwa, anaimba yenyewe. Huyu wetu kwenye wimbo wa tatu, ubeti wa pili, anaimba hivi: "na-na-naa, hapa nitaweka kitu." Haya, nyie mnaosema malizieni tu, niambieni aliweka kitu gani.

Za kwenye simu ni kesi nyingine. Sauti, gitaa na feni vimeingia maiki moja, vimekuwa uji. Ndiyo, najua kuna programu za kutenganisha, hamna haja ya kunitumia video. Beatles walitoa "Now and Then" Novemba 2023 kwa sauti ya marehemu mwenzao John Lennon iliyonyofolewa kwenye kaseti ya nyumbani ya miaka ya sabini. Walikuwa wameijaribu miaka ya tisini wakaiacha. Nami nimezijaribu hizo programu. Feni inatoka. Ila herufi "s" nazo zinatoka na feni, na marehemu anabaki anaimba kama mtu mwenye pengo.

Hayo yote ni ya mashine, yana dawa. Kisicho na dawa ndicho watu hawataki kunisikiliza nikieleza.

Rock inajengwa kutoka chini. Drams na besi kwanza, magitaa yanakaa juu yao, mwimbaji anakuja mwisho na kuwapanda wote mgongoni. Ukimalizia sauti ya marehemu unajenga kuanzia bati. Gaidi letu moja halikuimbiwa kliki, ule mlio wa kuhesabia mwendo, linaanza kwenye mapigo 118 kwa dakika na kufika kiitikio cha mwisho liko 127, kwa sababu jamaa alikuwa na raha zake siku hiyo. Sawa, nimechora ramani ya mwendo, kliki ikawa inakimbia naye. Nikamvisha mpiga drams hedifoni. Huyu ni kijana wa futi sita anayevunja fimbo kila wiki, lakini siku hiyo alipiga kama mtu anayepita sebuleni na mtoto kalala.

Nikadhani ni majonzi. Majonzi yapo, lakini sikiliza kinachotokea. Mpiga drams akiichelewesha snea, ile ngoma ya mlio mkali, kidogo kuingia kiitikio, mwimbaji aliye hai anasikia, anavuta pumzi, anamsubiri, wanaingia pamoja. Marehemu hasubiri. Anaingia palepale alipoingia siku ile, hata umpigie vipi. Kwa hiyo watatu wote wanamnyatia yeye, na yeye hawasikii. Mpiga besi, ambaye kwa kawaida hazungumzi, alivua hedifoni akasema, "Fundi, ni kama tunampigia mtu simu haipokelewi."

Tulirudia mara kumi na nne. Mara ya tisa nilimtoa marehemu kwenye hedifoni kabisa, wakapiga wenyewe wakitazamana. Wimbo ukaamka! Nikairudisha sauti juu yake, haikai: kiitikio cha pili wamemwacha nusu mstari. Naweza kuikatakata na kuvisogeza vipande, na nimefanya, kompyuta haikatai. Ila kila kipande nilichosogeza kilikuwa uamuzi wake, na kuna noti moja ameiimba chini kidogo ya inapotakiwa. Nimeinyoosha. Nikairudisha. Nikainyoosha tena. Angekuwepo ningemuuliza kama amekosea au ndivyo alivyotaka. Mpaka leo sijui, na faili lina matoleo yote mawili.

Hapa ndipo huwa natajiwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Dar hulikwepi hilo, kazaliwa hapo Unguja mwaka 1946, na kila mtu ana binamu aliyepiga picha kwenye ule mlango wa nyumba inayotajwa kuwa yao, Shangani. Amefariki Novemba 1991, Queen wakatoa albamu ya "Made in Heaven" Novemba 1995 na sauti yake imo. Si inawezekana? Inawezekana, miaka minne. Tena angalia kilichomo. Wimbo uliobeba jina la albamu, na "I Was Born to Love You", sauti zake zilikuwa zimekamilika tangu albamu yake binafsi ya 1985. Alikwishazipitisha mwenyewe, bendi ikapiga upya chini yake. Nyingine chache aliziimba Montreux, Uswisi, akijua kabisa anaumwa, akiimba kwa makusudi ili wenzake wamalizie. Hizo si gaidi. Na hata hivyo "Mother Love" ilimshinda kufika mwisho, ubeti wa mwisho akauimba mpiga gitaa wao, Brian May. Wetu hakujua kama anaondoka. Alikuwa anapima maiki.

Bendi ya AC/DC nayo mnaitaja kinyume, kwamba wao walimaliza haraka. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980, albamu ya "Back in Black" ikatoka Julai mwaka huohuo. Haraka, ndiyo: mwimbaji ni mwingine, Brian Johnson, mzima, kasimama Bahamas mbele ya maiki anaimba maneno yake.

Mjomba, kumbe, alikuwa na hoja yake. Ni mtu wa Msondo, bendi ya dansi, tangu ujana, kapiga tumba kwenye bendi ndogo ndogo, akaniambia, "TX Moshi William tulimzika 2006, Msondo ikasimama?" Huyo alikuwa mwimbaji wao, na haikusimama. Gurumo, mwimbaji wao mwingine, naye tukamzika 2014. Lakini dansi lina waimbaji kadhaa, lina matarumbeta, mmoja akiondoka kuna mwenzake aliyekuwa akiitikia pembeni yake miaka kumi. Na jambo ambalo mzee hakulisema, pengine kwa kuwa kwake liko wazi mno: waliendelea na waliobaki. Hakuna aliyewahi kumpandisha marehemu jukwaani kwa kaseti.

Sisi tumemleta kijana wa kupiga ridhimu. Anapiga vizuri. Wiki iliyopita nasikiliza miksi nyumbani nikagundua nimemshusha sauti desibeli tatu kila wimbo bila kuambiwa na mtu. Ukiniuliza, nitakwambia alikuwa anagombana na besi. Halafu nikakumbuka bendi ya Metallica: mpiga besi wao Cliff Burton alikufa kwenye ajali ya basi Sweden mwaka 1986, na albamu ya 1988 besi ya aliyemrithi, Jason Newsted, unaitafuta kwa tochi. Watu wa miksi walishasema agizo lilitoka kwa bendi. Mimi hakuna aliyeniagiza. Nimempandisha kijana desibeli mbili, hiyo moja bado nabishana nayo.

Mpango wa sasa: nyimbo nane wanaimba walio hai, mpiga besi kajitokeza na ana sauti, nani angejua. Gaidi moja tu litabaki, lile la tatu, na "hapa nitaweka kitu" linabaki lilivyo. Mama amekubali. Mjomba hajakubali.

Anakuja studio Alhamisi baada ya alasiri. Tumba ninazo, nimeshazikaza ngozi. Nitamvisha hedifoni, nimfungulie mpwa wake dakika nne, apige akimfuata.