Ripita ya redio za ridhaa nyumbani: maana yake na inavyofanya kazi

Ripita ni kituo cha redio kinachopokea sauti katika masafa mamoja na papo hapo kuirusha upya katika masafa mengine, kwa nguvu kubwa na kutoka mahali pa juu, ili watu wenye redio ndogo za mkononi wasioweza kusikilizana moja kwa moja wapate kuzungumza. Katika redio za ridhaa, ambazo hutumiwa na wenye leseni kwa kujifunza, kujaribu mitambo na kuwasiliana pasipo biashara yoyote, kituo hicho chaweza kukaa hata katika chumba cha juu cha nyumba ya Lamu, mradi mwenyewe amepewa leseni na masafa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Mawimbi ya megahezi 145, ambayo ripita ya namna hii huyatumia, husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kimo cha antena huamua mengi kuliko wati za mtambo, na Lamu haina mlima wa kuazima. Ukizidisha kipeuo cha pili cha kimo cha antena, kwa mita, mara 4.1, utapata upeo wake kwa kilomita. Antena iliyo mita 16 juu ya bahari hupata kama kilomita 16, na redio iliyoshikwa na mtu aliyesimama huongeza 5 hivi. Kwa hesabu hiyo, Shela, Matondoni na Mokowe zimo ndani, mji wa Pate uko ukingoni, na Faza imebaki nje. Ukipandisha antena hadi mita 25 utaongeza kilomita 4 tu, na katika Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mlingoti mrefu juu ya dari si jambo la kuamua peke yako.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, uko ndani ya chumba. Ripita hupokea, tuseme, katika megahezi 145.025 na kurusha katika 145.625, tofauti ya kilohezi 600 tu, tena kwa wakati mmoja na aghalabu kwa antena moja. Kirushaji kinatoa wati 25 ilhali kipokezi kinatafuta ishara isiyofika mikrovolti moja. Ni kama mtu anayepuliza siwa huku akitaka kusikia mnong'ono. Kinachotenganisha viwili hivyo ni dupleksa, yaani mitungi ya chuma yenye kimo cha nusu mita hivi, ambayo kila mmoja una ufito wa kurekebishwa taratibu mpaka upitishe masafa yanayotakiwa na kuyazuia yale mengine. Ikirekebishwa vibaya, ripita hujiziba masikio kila inapoanza kurusha, na aliye mbali husikika akikatikakatika. Mtu akiwa na fedha za kifaa kimoja kizuri tu, basi na kiwe hiki.

Kebo nayo isidharauliwe: mita 20 za ile nyembamba ya RG-58 humeza zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye antena. Chumvi ya bahari huingia katika viungio na kuifanya shaba iote kutu ya kijani, hivyo kila kiungio cha nje hufungwa kwa utepe wa mpira usiopitisha maji na kukaguliwa kila mara, si mpaka sauti ianze kufifia.

Mwenye kituo huwajibika kwa kinachorushwa hata akiwa msikitini au safarini. Kwa sababu hiyo mtambo hujitaja kwa alama ya wito, ambayo kwa Kenya huanza na 5Z, hukata mazungumzo yanayopita muda uliowekwa, na huweza kuzimwa kutoka mbali. Wengi huongeza sharti la toni ya chini, kwa mfano ya hezi 88.5, ambayo redio ya mzungumzaji huituma pamoja na sauti yake, na bila hiyo ripita haifunguki. Hiyo hupunguza kelele za umeme kuiwasha ripita bure, lakini si kufuli, kwani toni yenyewe si siri.

Nahodha wa jahazi aliye taabuni hatapata msaada katika ripita hii: wito wa dharura baharini hufanywa katika chaneli 16, megahezi 156.8, kwa redio ya bahari.